Freud na miaka 16 ya saratani ya mdomo

Msomaji wangu, jina la Sigmund Freud huenda umelisikia shuleni: yule daktari wa Vienna, Austria, aliyewalaza wagonjwa wake kwenye kochi wakamsimulia ndoto zao. Wengi hawajui kwamba miaka yake 16 ya mwisho aliishi na saratani ya mdomo.

Alikuwa mvutaji wa sigara nene za kusokotwa kwa majani ya tumbaku, hadi 20 kwa siku. Mwaka 1923, akiwa na miaka 66, uvimbe ulionekana kwenye kaakaa, upande wa kulia. Upasuaji wa kwanza ulifuatiwa na eksirei na radiamu, tiba iliyokuwa bado changa, nayo ikamwachia maumivu makali. Baadaye mwaka huohuo daktari Hans Pichler alimkata sehemu ya taya la juu na kaakaa. Tundu lililobaki kati ya mdomo na pua lilizibwa kwa kifaa kikubwa cha bandia. Bila kifaa hicho hakuweza kula wala kusema vizuri. Akikivaa, kilimbana na kumtia vidonda.

Taya likakakamaa. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alitumia kibanio cha nguo kutenganisha meno ili apitishe sigara! Hapa simtetei hata kidogo. Ukivuta wakati wa mionzi, vidonda huchelewa kupona na tiba yenyewe hupungua nguvu.

Taya kukakamaa kunawapata hata wanaotibiwa leo, lakini wewe unaweza kuwahi: mwombe mtaalamu akuoneshe mazoezi ya kufungua mdomo tangu siku za mwanzo. Vidonda vya mdomoni mara nyingi hujitokeza wiki ya pili au ya tatu, mate yakapungua na ladha ikapotea. Sukutua mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kula mtori, uji wa maziwa, parachichi lililopondwa. Pilipili na ndimu ziache kwanza. Ukiona uzito unashuka, sema mapema. Freud alikataa dawa kali za maumivu kwa miaka mingi, akitaka akili ibaki angavu. Usimuige: asiyeweza kumeza kwa maumivu hali, na asiyekula hamalizi tiba.

Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi akahamia London. Saratani ikarudi mahali ambapo kisu hakingefika, akapewa tena radiamu mwaka 1939. Mfupa wa taya ukaoza, kipande kikatoka, na harufu ikawa kali kiasi kwamba mbwa wake aliyempenda sana alijibanza kona ya mbali. Saratani yenyewe ilichangia, ila mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Ndiyo maana leo utatumwa kwa daktari wa meno kabla ya tiba kuanza, ili jino bovu ling'olewe mapema. Usiruke hatua hiyo. Na hata miaka ikipita, yeyote anayetaka kukung'oa jino mwambie kwanza kwamba ulitibiwa kwa mionzi.

Muuguzi wake miaka yote hiyo alikuwa binti yake Anna, aliyemsaidia kuvaa na kuvua kile kifaa. Freud aliendelea kupokea wagonjwa hadi katikati ya mwaka 1939, akafariki Septemba 23 mwaka huo, akiwa na miaka 83.