Walter Shewhart, mwanafizikia aliyefundisha viwanda wakati wa kuacha mashine itulie

Tarehe 16 mwezi wa tano 1924, mwanafizikia wa Marekani alimtumia mkubwa wake wa kazi barua ya karibu ukurasa mmoja tu, yenye mchoro mdogo ndani. Mchoro ule ungali unatumika viwandani, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Walter Andrew Shewhart alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tatu 1891 huko New Canton, jimbo la Illinois. Alipata udaktari wa fizikia kwenye Chuo Kikuu cha California mwaka 1917. Mwaka uliofuata aliingia kompani ya Western Electric, iliyotengeneza vyombo vya simu kwenye kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Baadhi ya vyombo hivyo vilifukiwa ardhini. Kimoja kikiharibika, ni lazima kuchimba, na gharama si ndogo. Viongozi wakataka vifaa vifanane. Lakini kila kipimo kilipopanda kidogo, mashine ilirekebishwa. Kiliposhuka, ikarekebishwa tena. Matokeo yakazidi kuyumba.

Shewhart aliona kosa liko wapi. Hakuna vipande viwili vinavyolingana kabisa, kama vile mwokaji hatoi mikate miwili ya uzito uleule. Tofauti nyingi zinaletwa na mambo madogomadogo, na kumlaumu mfanyakazi kwa hayo ni kumwonea. Nyingine zina chanzo chake: chuma kibaya, au kifaa kilichochakaa. Ili kuzitenganisha, alichora mstari wa wastani, halafu mpaka juu na mpaka chini, kila mmoja kwa umbali wa sigma tatu. Sigma ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika. Nukta zikitulia ndani ya mipaka, mashine iachwe. Moja ikitoka nje, chanzo kitafutwe mara moja. Mipaka haikusogezwa karibu zaidi kwa sababu ya pesa: kila tahadhari ya bure inapoteza kazi.

Kuanzia 1925 hadi kustaafu kwake mwaka 1956, alitumikia maabara ya Bell. Kitabu chake cha 1931 kilieneza njia hiyo, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili Marekani iliitumia katika viwanda vya silaha. Wengi wanamtaja zaidi W. Edwards Deming, aliyeifundisha Japani mwaka 1950. Ni haki kukumbusha kwamba Deming aliipata kwa Shewhart.

Shewhart alifariki tarehe 11 mwezi wa tatu 1967 huko New Jersey, siku 7 kabla ya kutimiza miaka 76.