Alfred Wegener, mtu aliyesema mabara yanatembea

Katika mikutano ya jumuiya ndogondogo za Kikristo tumeulizwa swali hili mara nyingi: ikiwa wanasayansi hubadili kauli zao kila kizazi, kwa nini mwamini ayakubali wanayosema juu ya dunia hii? Swali ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 159, inafundisha kwamba imani na utafiti unaofanywa kwa uaminifu haviwezi kupingana kwa kweli, kwa kuwa chanzo cha vyote viwili ni Mungu mmoja. Lakini utafiti wa uaminifu una sura gani? Tumeona vema kujibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Hakuwa Mkatoliki, wala hatumleti hapa kama mtakatifu.

Alfred Wegener alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880, Sherehe ya Watakatifu Wote. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, mwalimu na mlezi wa nyumba ya yatima. Alfred alipata udaktari katika elimu ya nyota mwaka 1905, kisha akageukia elimu ya hali ya hewa. Mwezi Aprili 1906 yeye na kaka yake Kurt walikaa angani ndani ya puto kwa zaidi ya saa 52, muda ambao hakuna aliyeufikia kabla yao. Mwaka huohuo alifunga safari yake ya kwanza ya kwenda Greenland. Hayo tunayapita haraka, ila yanatuonyesha jambo moja: hakuwa mwanajiolojia. Mbele ya wenye fani hiyo alikuwa mgeni aliyeingia katika shamba la watu.

Mwishoni mwa mwaka 1910, akitazama ramani, alivutwa na jinsi pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini inavyolingana na pwani ya magharibi ya Afrika. Wengine walikuwa wameliona hilo kabla yake wakaliacha. Mwaka uliofuata alisoma habari za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mtambaazi mdogo aitwaye Mesosaurus alipatikana katika miamba ya Brazili na ya kusini mwa Afrika, wala si kiumbe wa kuvuka bahari kuu. Wataalamu wa siku hizo walisema palikuwa na madaraja ya nchi kavu ambayo baadaye yalizama. Wegener aliona shida: miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile ya sakafu ya bahari, basi ingezamaje? Akaongeza ushahidi mwingine. Alama za barafu ya kale zipo Afrika ya Kusini na India. Makaa ya mawe, yatokanayo na misitu, yapo katika visiwa vya Spitsbergen karibu na Ncha ya Kaskazini. Aliyafananisha mabara na gazeti lililochanika: vipande vikiunganishwa, si kingo tu zinazolingana, bali hata mistari ya maandishi husomeka.

Alilitangaza wazo hilo mjini Frankfurt tarehe 6 Januari 1912, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta jeshini, akajeruhiwa mara mbili, na mwaka 1915 akachapisha kitabu chake juu ya asili ya mabara na bahari. Alikisahihisha na kukipanua mara tatu.

Wengi walimpinga, na hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Harold Jeffreys wa Uingereza alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu alizozitaja Wegener, za mzunguko wa dunia na mivuto ya mwezi na jua, ni dhaifu mno kusukuma bara. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Tena Wegener aliamini kwamba Greenland inasogea zaidi ya mita 10 kwa mwaka, naye alikosea kabisa. Shaka ya namna hiyo ni huduma kwa ukweli. Lakini wapo waliomkataa kwa sababu tu hakuwa wa fani yao, au kwa sababu kumkubali kungewalazimu kuanza kujifunza upya. Nasi katika Kanisa hatuna haki ya kuwacheka. Kesi ya Galileo ilitusubirisha hadi mwaka 1992, Papa Yohane Paulo II alipokiri wazi makosa yaliyofanyika.

Mwaka 1930 Wegener alirudi Greenland akiwa mkuu wa msafara. Wenzake wawili walikuwa katika kituo cha katikati ya barafu, kilomita 400 hivi kutoka pwani, na akiba yao ilikuwa haba. Aliondoka na sleji za kuvutwa na mbwa. Wasaidizi wengi walirudi njiani kwa ukali wa baridi. Alifika tarehe 30 Oktoba pamoja na Fritz Loewe na Rasmus Villumsen, kijana mwenyeji wa Greenland. Loewe alikuwa ameungua kwa baridi hata vidole vya miguu ikabidi vikatwe, akabaki pale. Tarehe 1 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener alianza safari ya kurudi na Villumsen, ili chakula kiwatoshe waliobaki. Mwezi Mei 1931 mwili wake ulipatikana umezikwa kwa heshima, skii zake zimesimikwa kuwa alama. Villumsen, aliyemzika, hakuonekana tena.

Mwingereza Arthur Holmes, aliyewahi kufanya kazi Msumbiji akiwa kijana, alikuwa tayari amependekeza nguvu iliyokosekana: joto la ndani ya dunia huusogeza mwamba polepole, mfano wa uji unaotokota. Miaka ya 1950 Mmarekani Marie Tharp, akichora sakafu ya Atlantiki, aliona bonde refu katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari, linalofanana na Bonde letu la Ufa. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza, mpaka vituo vya matetemeko vilipoonekana kujipanga ndani ya bonde hilohilo. Mwaka 1963 ikafafanuliwa kwamba michirizi ya sumaku pande mbili za safu hizo ni kumbukumbu ya sakafu inayozaliwa na kutengana. Kabla ya mwaka 1970 wanajiolojia wengi walikuwa wamekubali kwamba ganda la dunia ni mabamba yanayosogea.

Leo satelaiti hupima mwendo huo. Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kila mwaka. Greenland nayo inaachana na Ulaya, ila kwa sentimita chache tu, si kwa mita alizoandika Wegener.