Moe Berg: Msugua Benchi Aliyeingia Ukumbini na Bastola

Wadau, leo naomba tupumzike kidogo na siasa na ligi za Ulaya. Nawaletea habari za jamaa mmoja wa Marekani, alicheza ligi kubwa ya besiboli misimu 15, na sehemu kubwa ya misimu hiyo alikuwa anasugua benchi. Anaitwa Moe Berg, alifariki mwaka 1972. Ukiangalia takwimu zake peke yake utasema huyu hana lolote. Subiri kwanza.

Kwa wale ambao besiboli hawaijui: kuna mrushaji anayetupa mpira, kuna mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji kuna jamaa amechuchumaa, kavaa kinyago cha chuma na glovu nene. Huyo ndiye mdakaji. Kazi yake ni kama golikipa, lakini zaidi ya hapo yeye ndiye anayempa mrushaji ishara za siri kwa vidole, atupe mpira wa aina gani. Ni mchezaji pekee anayeutazama uwanja wote mbele yake. Kazi ya akili, na ya kuumia magoti. Mkumbuke hilo la ishara za siri, tutarudi huko.

Berg alizaliwa New York tarehe 2 Machi 1902, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka Ukraine. Mzee wake, Bernard, alikuwa na duka la dawa kule Newark. Mzee alijibana sana kusomesha watoto, na kwake mpira ulikuwa upuuzi mtupu. Kijana akaingia Princeton, chuo cha wenye nazo, ambako Wayahudi wa wakati ule walikuwa wachache na hawakukaribishwa sana. Akasoma lugha: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani na hata Kisanskriti. Akamaliza 1923 na alama za juu.

Sasa hapo we fikiria furaha ya mzee. Halafu kijana mwaka huohuo akasaini kucheza besiboli na timu ya Brooklyn!

Alianza vibaya. Msimu wa kwanza alipiga .186, yaani kati ya kila mara 5 alizosimama kupiga hakufanikiwa hata mara 1 kamili. Ligi ilipoisha akapanda meli kwenda Paris kusoma Sorbonne. Akateremshwa ligi ndogo, akazunguka Minneapolis, Toledo, Reading, mpaka 1926 Chicago White Sox wakamchukua. Mwaka 1927 wadakaji watatu wa Chicago wakaumia kwa kufuatana, ndipo Berg akachuchumaa nyuma ya mpigaji kwa mara ya kwanza ligi kubwa. Kumbe ndio nafasi yake! Mikono salama, kichwa kinafanya kazi, warushaji wakampenda.

Mwaka 1929 ulikuwa wa neema, alicheza mechi zaidi ya 100 na kupiga .287. Wakati huohuo alikuwa anasoma sheria Columbia, shahada akaipata 1930. Aprili ya mwaka huohuo akaumia goti, na hapo ndoto ya kuwa nyota ikafa. Kuanzia hapo ni kuhamahama: Cleveland, Washington, Cleveland tena, mwisho Boston Red Sox kuanzia 1935 hadi 1939. Pale Boston hakuna msimu aliofikisha mechi 50. Mwaka 1938 alicheza mechi 10 tu, na ligi ya wakati ule ilikuwa na mechi 154.

Jumla yake ni mechi 663, wastani .243, na mipira 6 tu ya kupiga mpaka nje ya uwanja. Babe Ruth aliyecheza zama hizohizo alipiga 714. Wachezaji wenzake walikuwa wakimtania kwamba anajua lugha saba na hawezi kupiga kwa lugha hata moja.

Swali langu ni hili: kwa nini timu ziliendelea kumlipa? Jibu ni kwamba alikuwa anafundisha warushaji chipukizi, hapotezi mipira, na hakuleta vurugu kambini. Kati ya 1931 na 1934 alicheza mechi 117 mfululizo za ligi bila kosa hata moja la udakaji. Takwimu kama hiyo haiwezi kukufanya nyota, lakini kocha analala usingizi.

Mwaka 1934 kikosi cha mastaa kikaenda Japani, akina Babe Ruth na Lou Gehrig. Msugua benchi Berg naye akachukuliwa, alikuwa amekwenda huko 1932 kufundisha na alijitahidi kujifunza Kijapani. Siku moja akavaa kimono, akabeba maua, akaenda hospitali ya Saint Luke's jijini Tokyo eti anamtembelea binti wa balozi wa Marekani aliyejifungua. Kwa yule mama hakufika kabisa. Alipanda juu ya paa na kuupiga mji picha za sinema: bandari, viwanda, reli.

Imeenea sana hadithi kwamba picha hizo ndizo zilizoongoza ndege za Marekani kushambulia Tokyo mwaka 1942. Wadau, hiyo tuiache vijiweni. Kweli aliwaonyesha maofisa wa jeshi picha hizo mwaka 1942, ila hakuna ushahidi kwamba ziliongoza shambulio lile, wala kwamba mwaka 1934 alitumwa na serikali.

Ya kweli yanatosha. Januari 1942 aliachana na besiboli akaingia kazi ya serikali. Mwezi huohuo baba yake akafariki. Miaka yote ile mzee hakuwahi kukanyaga uwanjani kumwona mwanawe akicheza, hata mechi moja.

Mwaka 1943 akajiunga na OSS, shirika la ujasusi lililotangulia CIA. Hofu kubwa ya Marekani ilikuwa Wajerumani kutangulia kutengeneza bomu la atomiki. Berg akasoma fizikia, akatumwa Italia 1944 kuwahoji wanasayansi wa huko. Kisha Desemba 1944 akapelekwa Zurich, Uswisi, ambako Werner Heisenberg, mwanafizikia mkubwa kuliko wote Ujerumani, alikuwa anatoa mhadhara.

Berg aliingia ukumbini kama msikilizaji wa kawaida, bastola mfukoni. Maelekezo yalikuwa haya: ukisikia dalili yoyote kwamba bomu la Ujerumani liko karibu, mpige risasi palepale. Sasa kaa kwenye kiti chake. Ukimwacha na bomu lipo, mji mzima unaweza kuteketea. Ukimuua na bomu halipo, umemuua mtu asiye na silaha aliyekuja kufundisha, na wewe hutoki pale salama. Hakuna wa kumuuliza. Simu huna.

Berg akasikiliza. Mhadhara ulikuwa wa nadharia tupu. Baadaye akaalikwa chakula cha jioni alichokuwepo Heisenberg, akamsikia akiongea kama mtu anayejua vita vimeshawashinda. Wakatembea pamoja usiku, Berg akimchokonoa kwa maswali. Bastola haikutoka mfukoni. Vita vilipoisha ikathibitika: Wajerumani walikuwa mbali kabisa na bomu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo miaka 15 ya benchi ilipolipa. Mtu aliyezoea kukaa, kutazama, kusoma nia ya mwenzake na kutokurupuka. Kijana mwenye uchu wa sifa angeweza kufyatua.

Ila sitawadanganya kwamba mwisho ulikuwa mzuri. Baada ya vita akapewa nishani ya Medal of Freedom, akaikataa. CIA walimpa kazi kidogo miaka ya 1950, kisha wakamwacha. Hakushika sheria, hakufundisha chuo, hakuwa na mke. Alikaa kwa kaka yake Newark miaka mingi, magazeti yamejaa nyumba nzima, mpaka kaka akachoka na kumtaka aondoke. Akahamia kwa dada yake, Ethel. Akafariki 29 Mei 1972, umri miaka 70. Dada yake akaipokea ile nishani, na ikawekwa kwenye jumba la kumbukumbu za besiboli kule Cooperstown. Yaani nishani imeingia, mwenyewe kama mchezaji hakuchaguliwa.

Wapo wanaosema Berg alipoteza kipaji, kwamba mzee wake alikuwa sahihi. Mimi nasema mzee alikosea kwenye mpira, ila kuna jambo aliliona: mwanawe hakujua afanye nini na maisha mechi ikiisha. Na hilo linawahusu wengi wetu, wenye vyeti na wasio navyo.

Mnaonaje wadau, nyie mngefyatua? Na mzee yule alikuwa na haki? Mwageni maoni hapo chini, bila matusi.