Kichomi cha Speke

Shuleni ulisoma habari za John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Ziwa Victoria mwaka 1858. Mwaka uliotangulia alitoka pwani pamoja na Richard Burton kwa njia ya misafara hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kisha Ujiji. Safarini macho yalififia, na mdudu aliyemwingia sikioni akamwachia uziwi.

Oktoba 1858, wakirudi pwani, karibu na Kazeh alishikwa na homa na maumivu kama ya chuma cha moto, yakianzia kifuani upande wa kulia. Watu wa msafara waliyaita kichomachoma. Alipona. Alikufa 1864 kwao Uingereza kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, akiwa na miaka 37.

Wakati ule eksirei haikuwapo, na vijidudu vya kifua kikuu Robert Koch alivitangaza 1882 tu. Wewe usiridhike na jina. Kichomi ni maumivu. Ugonjwa wenyewe waweza kuwa nimonia, au kifua kikuu cha utando unaofunika mapafu. Hiki hudanganya sana: huweza kuanza ghafla, kikohozi kikavu au hakuna kabisa, na makohozi yakipimwa mara nyingi hayaonyeshi kitu, huku maji yakijaa ubavuni na pumzi ikifupika.

Mzazi, mtoto akimaliza dawa za nimonia na homa ingalipo, mrudishe. Uliza kuhusu eksirei. Maji yakionekana, daktari huyavuta kwa sindano yakapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa mtoto kwa kawaida miezi 4 au 6, hata kama maumivu yataisha mapema.