Robert Serumaga: Aliyewavusha Vijana Kutoka Uanafunzi Hadi Uigizaji wa Kulipwa

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokaribia ukingoni, shule za Embu, Meru na Tharaka-Nithi huhinikiza kwa ngoma na sauti za vijana wanaojiandaa kwa Tamasha la Drama la Shule na Vyuo. Tamasha hilo lilianza mwaka wa 1959, na humo wamezaliwa waigizaji, manju, waghani na waelekezi wasio na idadi. Hata hivyo, mtihani wa kidato cha nne ukishapita, wengi wao huvua maleba na wasiyavae tena. Wachache hujiunga na makundi yanayozunguka shuleni kuigiza vitabu teule, kama ilivyofanyika kwa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, kilipokuwa kikitahiniwa. Waliosalia hurejea kwenye kahawa ya Runyenjes au miraa ya Igembe, na kipawa kikabaki kuwa kumbukumbu ya ujana.

Je, kijana huyu avushwe vipi kutoka jukwaa la shule hadi jukwaa la kumpa riziki? Swali hili si geni katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, Mganda mmoja alilijibu kwa vitendo, tena katika mazingira magumu mno. Mtu huyo ni Robert Serumaga, na maisha yake yanastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa fasihi na sanaa za maonyesho.

Serumaga alizaliwa mwaka wa 1939 katika eneo la Buganda. Baada ya masomo ya awali nchini mwake alikwenda Ireland, akasoma uchumi katika Trinity College, Dublin, hadi akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1965. Huko ughaibuni ndiko alikovutiwa na uigizaji na utangazaji. Ikumbukwe kwamba hakuingia katika sanaa kupitia mlango wa fasihi. Alikuwa mtu wa hesabu za mapato na matumizi, na jambo hili linasaidia kueleza kwa nini, tofauti na wenzake wengi, alilitazama jukwaa kama kazi na wala si pumbao la jioni baada ya kazi.

Aliporejea Kampala katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, alikuta jumba la Taifa la maonyesho lililofunguliwa mwaka wa 1959. Jumba lilikuwepo, lakini waigizaji wa Kiafrika walioishi kwa uigizaji hawakuwepo. Serumaga akaanzisha kampuni iliyoitwa Theatre Limited. Kampuni hiyo iliigiza kwa Kiingereza, na waigizaji wake wengi walikuwa wasomi wenye ajira zao. Hadhira nayo ilikuwa ya wasomi na wageni wakazi wa mjini. Katika kipindi hicho alitunga tamthilia ya A Play, riwaya ya Return to the Shadows iliyotoka mwaka wa 1969, na tamthilia ya The Elephants.

Mwaka wa 1971 aliigiza na kuelekeza Majangwa. Tamthilia hiyo inamhusu mpiga ngoma na mkewe, Nakirijja, ambao zamani walisifika kwa sanaa yao. Kadiri watazamaji walivyozoea na kutaka zaidi, ndivyo wawili hao walivyozidi kujidhalilisha hadharani ili wapate sarafu, hadi sanaa ikawaishia na utu ukawaponyoka. Tunaweza kuisoma kama onyo la mwandishi kwa nafsi yake mwenyewe. Msanii asiye na mafunzo, asiye na kampuni wala mshahara, huwa mtumwa wa umati unaomtupia sarafu. Hivyo basi, haitoshi kumwambia kijana aende akatafute riziki jukwaani. Lazima jukwaa lenyewe lijengwe kwanza.

Mnamo Januari 1971 Idi Amin alitwaa mamlaka kwa mapinduzi, na mwaka wa 1972 Waasia wakafukuzwa nchini. Wageni na wasomi wengi waliondoka pia, na hadhira iliyotegemewa na Theatre Limited ikapungua. Ni katika majira hayo ambapo Serumaga alichukua hatua iliyompa nafasi ya pekee katika historia. Badala ya kuendelea kuwategemea wasomi wenye ajira nyingine, aliwakusanya vijana, wengi wao wakiwa wametoka shuleni karibuni, akaunda kundi la Abafumi, jina la Kiganda lenye maana ya wasimulizi wa hadithi.

Vijana hao hawakukutana Jumamosi tu. Uigizaji ulikuwa kazi yao ya muda wote. Walifunzwa kwa nidhamu kali: mazoezi ya viungo, pumzi na sauti, ngoma na nyimbo za jamii mbalimbali za Uganda, pamoja na mbinu za Stanislavsky wa Urusi na Grotowski wa Poland. Walichokileta kutoka kijijini na shuleni hakikutupwa; kilinolewa hadi kikawa ufundi.

Matunda yake yalionekana katika Renga Moi, iliyoigizwa kuanzia mwaka wa 1972. Inasimulia kisa cha shujaa aliyezaliwa watoto pacha, akajikuta njia panda: atimize miiko ya pacha au aende vitani kukilinda kijiji chake. Lugha kadhaa za Uganda zilichanganywa humo, na sehemu kubwa ya maana ikabebwa na mwili, ngoma na wimbo. Amayirikiti, iliyofuata mwaka wa 1974, ilikaribia kuyaacha maneno kabisa. Mtindo huu ulikuwa na faida mbili. Kwanza, wapelelezi wa serikali walishindwa kuunyoshea kidole mstari wowote, kwa kuwa mistari yenyewe haikuwepo. Pili, kundi liliweza kuigiza mbele ya watu wa lugha yoyote. Abafumi walizuru nchi nyingi, na mwaka wa 1975 waliigiza Renga Moi jijini London katika ukumbi wa Aldwych, kwenye msimu wa maonyesho ya dunia. Vijana wa juzi wa madarasani wakawa wanasimama jukwaa moja na makundi mashuhuri ya ulimwengu.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa juu ya wembe. Mwaka wa 1977 Byron Kawadwa, mwandishi na kiongozi wa jumba la Taifa la maonyesho, aliuawa baada ya kurejea kutoka tamasha la Lagos alikopeleka tamthilia yake. Serumaga naye alikimbilia Kenya. Akiwa uhamishoni aliingia katika harakati za kumwondoa Amin, na utawala huo ulipoanguka mwezi wa Aprili 1979 aliteuliwa kuwa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo iling'olewa mwezi wa Juni mwaka uo huo. Serumaga alifariki ghafla jijini Nairobi mwaka wa 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 41.

Tukimpima kwa haki, hatuna budi kutaja upungufu wake. Abafumi ilimtegemea mtu mmoja: yeye ndiye aliyekuwa mwandishi, mwelekezi, mwalimu na mtafuta safari. Alipoondoka, nguzo iling'oka na paa likaanguka. Vilevile, wapo wahakiki wanaouliza kama sanaa iliyonyamaza ili isalimike iliwafaa vya kutosha wananchi waliokuwa wakiteswa. Ni swali zito. Lakini mwenye kuliuliza akumbuke pia yaliyompata Kawadwa.

Tunajifunza nini sisi wa Embu na Meru? Kwanza, kombe la tamasha si daraja. Daraja ni mafunzo ya kila siku chini ya mwalimu mwenye ujuzi. Pili, lugha na ngoma zetu si kikwazo cha kufika mbali, mradi zifanyiwe kazi. Kiswahili, kinachovuka mipaka ya nchi kadhaa, kina nafasi kubwa zaidi. Tatu, kundi la vijana lihitaji katiba, mweka hazina na zaidi ya kiongozi mmoja, ili mwanzilishi akiondoka mshahara usikome. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwa mahali pa kuanzia, kwani vina waandishi, waigizaji na wahakiki chini ya paa moja. Serumaga alianza na vijana waliotoka shuleni na ukumbi mmoja. Sisi nasi vijana tunao, na kumbi za shule na vyuo zipo.