Mchekeshaji Aliyemkabili Dikteta

Mwenzangu msomaji, ukisikia jina Charlie Chaplin bila shaka unamkumbuka yule bwana wa sinema mwenye masharubu mafupi, suruali pana, viatu vikubwa na bakora mkononi. Sote tumemcheka. Lakini je, wajua alikotoka?

Chaplin alizaliwa London, Uingereza, tarehe 16 Aprili 1889. Wazazi wake walikuwa waimbaji wa jukwaani, lakini baba aliwatoka, na ulevi ukamwua mwaka 1901. Mama naye alipatwa na ugonjwa wa akili. Charlie akiwa na miaka 7 tu alipelekwa katika nyumba ya maskini. Hebu fikiria, mtoto wa rika la darasa la kwanza!

Alianza kuigiza angali mdogo, na mwaka 1914 akaanza kuonekana katika sinema huko Marekani. Zamani hizo sinema hazikuwa na sauti, ndiposa watu wa kila lugha walimwelewa. Alitajirika, lakini mhusika wake alibaki yule yule maskini asiye na makao.

Basi, siku 4 baada ya Chaplin kuzaliwa, huko Austria alizaliwa Adolf Hitler. Lo! Naye akaja kufuga masharubu kama yale! Hitler alipowatesa Wayahudi, Chaplin alishika silaha aliyoijua, yaani kicheko. Kwa pesa zake mwenyewe alitengeneza sinema The Great Dictator, iliyotoka mwaka 1940. Humo aliigiza watu wawili: kinyozi Myahudi, na dikteta anayechezea puto lenye ramani ya dunia hadi linapasuka. Mwishoni kinyozi anadhaniwa ndiye dikteta, anapanda jukwaani na kuhutubia juu ya utu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, ilijulikana wazi kwamba Wayahudi milioni 6 hivi walikuwa wameuawa. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964, Chaplin alikiri kwamba kama angalijua unyama wa kambi zile, asingaliweza kuitengeneza sinema hiyo. Hapo pana swali kwetu sisi wa michezo ya kuigiza: tumcheke nani? Mimi naona jibu limo mle mle katika sinema. Chaplin alimcheka mwenye bunduki, hakumcheka aliyeelekezewa.

Alifariki Uswisi tarehe 25 Desemba 1977. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzaha wa Chaplin ulitumbua jipu lenyewe.