Padri Damien na tarehe 10 Mei

Watoto, mnajua kwamba Kanisa huwakumbuka watakatifu wengi katika siku waliyokufa, kwa kuwa ndiyo siku waliyozaliwa mbinguni. Lakini Padri Damien alikufa tarehe 15 Aprili, na sikukuu yake ni tarehe 10 Mei. Kwa nini? Sikilizeni habari zake.

Jina lake la kwanza lilikuwa Jozef De Veuster. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, nchi ya Ubelgiji. Baba yake alikuwa mkulima, tena aliuza nafaka, naye alitaka Jozef amsaidie katika biashara. Lakini mwaka 1859 Jozef aliingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, alimokuwa kaka yake Pamphile. Huko akapewa jina la Damien.

Mwaka 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda misioni ya visiwa vya Hawaii, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Safari ilipokaribia, akashikwa na homa kali. Damien alikuwa hajawa padri bado. Hata hivyo aliandika barua kwa mkubwa wa shirika mjini Paris, akaomba kwenda badala ya kaka yake, naye akakubaliwa. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wake. Tarehe 21 Mei mwaka ule ule akapewa upadri.

Siku zile ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeenea katika visiwa hivyo, wala hapakuwa na dawa ya kuuponya. Tangu mwaka 1866 serikali ya mfalme iliwatenga wagonjwa katika kisiwa cha Molokai, mahali palipozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne mlima umesimama kama ukuta. Mama alitengwa na watoto wake, mume na mke wake. Aliyepelekwa huko hakutumaini kurudi. Wakristo waliokuwa kati yao walikufa bila padri wa kukaa nao.

Mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, Askofu Maigret aliwaeleza mapadri wake shida hiyo. Hakutaka kumlazimisha mtu, kwa kuwa aliogopa kumtuma kwenye kifo. Mapadri wanne walijitoa wenyewe, wakapatana kwenda kwa zamu. Damien akawa wa kwanza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Mei 1873, Damien alishuka Molokai pamoja na Askofu. Kisha Askofu akarudi, Damien akabaki. Alikuwa na miaka 33. Hakuwa na nyumba. Alilala chini ya mti uitwao mkadi, kando ya kanisa dogo la Mtakatifu Filomena.

Baada ya siku chache tu aliandika kuomba abaki pale. Basi zamu za wale wengine hazikuja tena. Damien aliosha vidonda na kuvifunga. Alijenga nyumba, akaleta maji kwa mabomba, akatengeneza masanduku ya wafu na kuchimba makaburi kwa mikono yake. Alikula pamoja na wagonjwa, wala hakuwaonyesha kwamba anawaogopa. Mara moja mkubwa wake alikuja kwa meli, lakini nahodha hakumruhusu kushuka, wala Damien hakuruhusiwa kupanda. Basi Damien alikaa katika mtumbwi, akaungama dhambi zake kwa sauti kubwa, na watu wa meli wapo.

Siku moja ya Desemba 1884 alitia mguu katika maji ya moto sana. Ngozi iliungua, lakini hakusikia maumivu. Hapo akatambua kwamba yeye naye ana ukoma. Hakuacha kazi yake. Alikufa Jumatatu ya Juma Takatifu, tarehe 15 Aprili 1889, akazikwa chini ya mkadi ule ule. Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji, mjini Leuven.

Papa Benedikto wa XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Tarehe 15 Aprili huangukia mara nyingi Kwaresima au siku za Pasaka. Sikukuu yake ni 10 Mei, siku aliposhuka Molokai. Siku ya kufa haichaguliwi na mtu, lakini siku ile Damien aliichagua mwenyewe. Mambo yote mema aliyowatendea wagonjwa yalianza hapo.

Leo ukoma unaponywa kwa dawa, na sheria ya kuwatenga wagonjwa wa Hawaii ilifutwa mwaka 1969. Lakini wagonjwa wanaokimbiwa na wenzao wapo bado, hata katika vijiji vyetu. Tarehe 10 Mei ikifika, mtafute mmoja, umwendee.

Maulizo
1. Kwa nini Damien alikwenda Hawaii badala ya Pamphile?
2. Alilala wapi alipofika Molokai? Alizikwa wapi?
3. Alitambuaje kwamba ana ukoma?
4. Kwa nini tunamkumbuka tarehe 10 Mei?